Meno Arobaini na Nane ya Nailoni

Mashine ya kwanza niliyokabidhiwa Kigoma haikuwa na sauti, na kwa sababu hiyo niliidharau.

Mliobaki karakana mliniomba niwaandikie kitu kabla sijasahau. Nimekaa siku kadhaa hapa nyumbani Buzebazeba na daftari, nikitafuta pa kuanzia. Vyeo vyangu na mishahara yangu vimo kwenye faili, kama panya hawajavimaliza, kwa hiyo hapa nitaandika yasiyokuwamo.

Nilikuja kwa treni kutoka Mwanga, Upareni, na cheti cha ufundi mitambo, sanduku la bati, na sweta zito ambalo mama alinilazimisha kulibeba na ambalo Kigoma halijawahi kunifaa hata siku moja. Karani wa idara ya maji aliniangalia kutoka juu hadi chini, akaniambia kwa upole kwamba nafasi ya mpiga chapa imeshajazwa. Nikamwambia mimi ni fundi. Akasoma barua yangu mara mbili, kisha akaenda kumwita mtu aje anithibitishe.

Aliyekuja alikuwa Mzee Ruhomvya, fundi mkuu, Mha mwembamba mwenye bisibisi ndefu mfukoni. Bisibisi ile alisikilizia mashine: ncha aliiweka kwenye kifuniko, mpini akauweka sikioni, akafumba macho kama anayesali.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umeolewa?"

"Bado."

"Unajua kunoa tindo?"

"Najua."

"Basi hilo la pili ndilo nililotaka kujua. La kwanza niliuliza kwa adabu tu."

Akanipeleka nyumba ya pampu, kando ya ziwa. Pampu kubwa mbili zilikuwa zikivuta maji na kuyapandisha kwenye tanki la mlimani, na kelele zake zilikufanya uzungumze kwa ishara. Kwenye kona, juu ya meza ya zege, palikuwa na kipampu kidogo kisichozidi ukubwa wa cherehani. Kazi yake ilikuwa kunyonya maji ya klorini kutoka kwenye pipa na kuyaingiza kidogo kidogo kwenye bomba kuu. Ndani yake gia ndogo ya chuma kwenye mota ilizungusha gia kubwa nyeupe ya nailoni. Nikaweka sikio, sikusikia kitu.

"Hii ndiyo yako," Mzee akanipigia kelele. Tukatoka nje ili tusikilizane. "Zile kubwa zikisimama, watu watakosa maji, na watakuja hapa kutufokea. Hii ndogo ikisimama, watu watapata maji kama kawaida na hakuna atakayefoka. Ndiyo maana nataka uiogope."

Nikaitikia ndiyo. Moyoni nilisema wamempa mwanamke mdoli wa kuchezea.

Miezi ile ya mwanzo sikuwa na mtu. Karakana nzima ilizungumza Kiha. Wakigeukia Kiswahili kwa ajili yangu, mazungumzo yalipoa, kama chai iliyosubiri mgeni. Jumapili baada ya ibada nilirudi chumbani kwangu nikakaanga dagaa wa mtu mmoja. Niliwahi kumwambia muuza dagaa wa Ilagala anipimie nusu ya fungu, akacheka akauliza nusu ya pili nimemwachia nani.

Kisha ikaja miaka ya wakimbizi. Wengine walivuka ziwa kwa mitumbwi, wengine walitoka Burundi kwa miguu na magodoro kichwani. Kituo cha kuwapokea kikawekwa si mbali na nyumba yetu ya pampu, wakaunganishiwa mabomba ya maji kwenye laini yetu. Ghafla tulikuwa tunapampu usiku na mchana. Kipindupindu kilikuwa kimeanza kutajwa, na dawa ya klorini tuliyokuwa tukichanganya kwa siku mbili ikawa inaisha kwa siku moja.

Dawa ile huacha masimbi, mashapo meupe kama chokaa. Ukichanganya haraka haraka bila kuyaacha yatuame, yanaingia kwenye bomba jembamba na kuliziba. Mimi nilikuwa nachanganya haraka haraka. Asubuhi moja nikakuta mota inazunguka lakini dawa haiendi. Nilipofungua, meno ya ile gia nyeupe yalikuwa yamepukutika upande mmoja kama gunzi lililopukuchuliwa. Gia ya akiba haikuwapo. Kuagiza Dar es Salaam kulimaanisha barua, simu, na subira ambayo hatukuwa nayo.

Mzee Ruhomvya akayachukua yale meno kiganjani. "Umejua kwa nini yamekatika?"

"Ni plastiki, Mzee. Plastiki ni ya vikombe."

"Nimekuuliza kwa nini. Hujaniambia. Usiweke kitu kipya kabla hujanijibu."

Siku ile alikuwa na homa, akarudi kwake mapema. Mimi nikaibeba gia iliyovunjika hadi kwa mkerezaji mmoja mjini, nikamwambia aninakilie ya chuma, meno yale yale arobaini na nane. Bomba nililizibua kwa waya, sikuuliza lilizibwaje. Hadi jioni ya kesho yake nilikuwa nimeshaifunga, na kipampu kikaanza kulia.

Kililia kwelikweli. Chuma kwa chuma, kama mtu anayesaga mawe mdomoni. Wenzangu walikuja kutazama, mmoja akasema, "Sasa walau tunasikia kwamba Naomi yuko kazini." Nilifurahi. Nilidhani kelele ni nguvu. Tangu nifike Kigoma hapakuwa na kitu changu kilichosikika, na sasa kilikuwapo.

Siku ya tatu au ya nne, mwanamume mmoja alitoka kwenye foleni ya maji akaja kusimama mlangoni. Shati lake lilikuwa safi, limefungwa vifungo hadi shingoni, na miguuni alikuwa na ndala mbili zisizofanana.

"Madamu, unisamehe," akasema kwa Kiswahili cha Bujumbura. "Iyo mashine ndogo iko inalia vibaya."

"Inalia kwa sababu inafanya kazi."

"Hapana. Kazi haina sauti." Akaingia bila kukaribishwa, akaigusa mota kwa mgongo wa kiganja, akautoa haraka. "Umeme unaoleta hapa, nusu unakuwa dawa, nusu unakuwa kelele na moto. Na bomba likiziba, iyo gia haitakubali kuvunjika. Itavunja kingine."

Nilimwomba atoke, hapa haruhusiwi mtu. Akaomba radhi, akarudi kwenye foleni, akakuta nafasi yake imechukuliwa, akaenda kusimama mwisho. Nilimwona yote hayo kupitia dirishani na sikumwita.

Bomba liliziba tena wiki iliyofuata. Gia yangu ya chuma haikupoteza hata jino moja. Mota ikasukuma, gia ikasukuma, na kilichosalimu amri kikawa shafti na mwili wa pampu wenyewe, uliopasuka kuanzia kwenye boliti hadi ukingoni. Ile ya nailoni ilikuwa imekufa ili pampu ipone. Hilo ndilo jibu ambalo Mzee alikuwa akilisubiri.

Kwa siku kumi na moja tulitia dawa kwa ndoo iliyotobolewa, tukihesabu matone kwa macho. Asubuhi maji yalinuka dawa hadi watoto wakayatema, mchana hayakunuka kitu. Muuguzi wa kituo alikuja na kichupa chake cha kupimia, akakinyanyua kwenye mwanga mbele yangu. Kilikuwa cheupe kabisa, bila rangi ya dawa. "Haya ni maji matupu, Fundi," akasema, akaondoka. Wagonjwa wa kuhara walikuwa wameanza kulazwa kwenye mahema.

Nilimwendea Mzee nikamweleza yote. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alisema tu, "Yule mtu wa ndala mbili yuko wapi?"

Tulimkuta ufukweni. Nilikuja kujua baadaye kwamba kila mtumbwi ulipofika alikuwepo, akitazama sura moja moja wanaposhuka. Jina lake Anselmi. Alikuwa mwalimu wa ufundi katika shule moja kule kwao. Walipokimbia, msongamano wa watu ulimtenganisha na mkewe Spesioza na binti yao mchanga, na hakujua kama walivuka, walirudi, au vipi.

"Mwakeye," Mzee akamsalimu kwa Kiha.

Anselmi akaitikia kwa Kirundi, na wakaendelea hivyo, kila mmoja kwa lugha yake, wakielewana kama ndugu. Nilisimama katikati nikisubiri kutafsiriwa. Mwisho Anselmi akanigeukia.

"Iyo gia ya chuma bado iko nzima?"

"Nzima kabisa," nikasema kwa aibu.

"Nzuri. Meno yake ni mazuri, yaliwekwa mahali pabaya tu. Tutaifanya kiolezo."

Mzee akamwombea kibali cha kuja karakana mchana na kurudi kituoni jioni. Mkerezaji akatutengenezea shafti mpya, na Mzee mwenyewe, homa yake bado haijaisha, akauziba ufa wa pampu kwa kipande cha bati nene na boliti. Nailoni tuliipata bandarini: gurudumu la mkokoteni wa mizigo, jeupe, zito, limechakaa upande mmoja. Anselmi alilikata kipande kama anayekata jibini, akakifunga pamoja na gia yangu ya chuma kwenye jiliwa, akaanza kufuata meno kwa msumeno mwembamba, kisha kwa tupa. Aliyakata ishirini na manne, akanipa tupa.

"Yaliyobaki ni yako."

"Nikiharibu?"

"Utaharibu ukibonyeza. Chuma unakibishia. Nailoni unaiomba."

Tulifanya kazi hivyo siku mbili, yeye upande ule wa jiliwa, mimi huku, unga mweupe ukitujaa kwenye nyusi. Alifundisha kama mwalimu, kwa kuuliza. Kwa nini jino la nailoni linyumbuke kidogo? Ili mzigo ugawane na jino la jirani. Kwa nini tusiweke nailoni kwa nailoni? Kwa sababu joto halina pa kukimbilia. Iache moja iwe ya chuma, ilibebe joto liondoke. Sikuwahi kuulizwa maswali mengi namna ile tangu nifike Kigoma, na nilianza kuamka asubuhi nikiwa na haraka.

Tulipoiwasha, kipampu kilinyamaza. Anselmi aliweka kiganja chake chote juu ya mota, akakiacha hapo, akatabasamu.

Muuguzi akapima, kichupa kikawa na rangi. Lakini siku ya tano mota ikaanza tena kuwa ya moto. Tulifungua kwa hofu. Gia ilikuwa nzima, ila ilikuwa imebana. Anselmi akajipiga kwenye paji la uso. Nailoni hunywa maji. Katika unyevu wa nyumba ile, gia yetu ilikuwa imevimba unene wa ukucha tu, na nafasi kati ya meno ikaisha. Tukaipunguza kwa tupa hadi karatasi ya daftari ikapita katikati bila kukwama. Ya pili, ya akiba, tuliloweka nailoni yake kwenye ndoo ya maji kabla ya kuikata, ivimbe kabisa mapema. Tangu hapo sijawahi kukata gia kavu, na nyinyi msikate.

Masimbi nayo tuliyatafutia dawa: pipa la pili la kutuamishia, na kitambaa mdomoni mwa bomba. Kazi ya dakika kumi. Ningeifanya mwanzoni, gia ya kwanza isingevunjika.

Siku zile Anselmi alikuja asubuhi moja amechelewa, macho mekundu. "Jana tumezika wawili," akasema.

Niliweka tupa chini. "Ni maji yangu?"

"Sijui, Madamu. Njiani walikunywa ya ziwa pia. Wote tulikunywa." Akachukua tupa akanirudishia. "Usiniulize tena. Sitajua kesho pia."

Sikumuuliza tena. Sijui hadi leo. Wengi wenu mmewahi kuniona nikionja maji ya bomba kabla ya kusaini daftari la zamu, mkacheka, na mlikuwa na haki ya kucheka.

Anselmi alikaa nasi karibu mwaka mzima. Kila mtumbwi ulipotia nanga aliweka chombo chini akaenda, na aliporudi sikuuliza, kwa sababu kama wangepatikana asingerudi peke yake. Nilijifunza maneno ya Kirundi, machache, ya vifaa zaidi. Mchana tulikula pamoja sisi watatu, ugali wa muhogo na samaki aina ya migebuka wenye mawese, na Mzee aliacha kugeukia Kiswahili kwa ajili yangu kwa kuwa nilianza kufuata. Siku moja Mzee alibaki nami baada ya Anselmi kukimbilia ufukweni.

"Mwanangu," akasema, "yule ana mke."

"Najua, Mzee. Mimi ndiye ninayemwandikia barua za kumtafuta."

Na ilikuwa kweli. Aliniomba kwa sababu Kiswahili changu cha maandishi ni kizuri. Hadi siku ile nilikuwa nimeandika barua nne kwa watu wa makambi: jina la mkewe, umri, kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, mtoto wa kike. Sikuandika yoyote kwa uzembe. Nataka mlijue hilo, ingawa hakuna anayeniuliza.

Jibu lilikuja kwa barua ya tano. Spesioza na mtoto walikuwa hai, katika kambi moja upande wa Kasulu. Anselmi aliingia karakana akiwa ameishika karatasi kwa mikono miwili, akampa Mzee, Mzee akanipa mimi nisome kwa sauti. Nilisoma hadi mwisho, na nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi. Baadaye nikaenda nyuma ya nyumba ya pampu, penye kelele kubwa kuliko zote, nikakaa hapo kidogo.

Kabla ya lori la kumchukua, aliniomba barua ya kumtambulisha, ili huko kambini wampe kazi ya kufundisha. Nikaipiga chapa mwenyewe. "Mwenye barua hii ni fundi stadi wa mitambo, mwaminifu, mvumilivu, anayefundisha vizuri." Nikaongeza mambo ya gia na pampu, nikagonga muhuri. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni.

"Hukuandika ubaya wangu hata mmoja."

"Sikuuona."

Akaikunja mara nne, akaiingiza kwenye mfuko wa shati. "Urakoze, Naomi," akanishukuru. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina bila Madamu, na ya mwisho.

Miaka iliyofuata mnaijua, wengine mlikuwamo. Mzee Ruhomvya alistaafu, na baada ya masika mawili tukamzika Ujiji. Bisibisi yake alimwachia mwanawe, ambaye ni fundi wa kushona. Pampu mpya zililetwa, zote za gia za plastiki, zimefungwa kiasi kwamba hazifunguki, zikifa mnatupa. Niliomba uhamisho wa kurudi Upareni mara mbili. Mara ya kwanza nilikataliwa. Mara ya pili walikubali, nikaona kwamba kule sina mtu wa kuzungumza naye kuhusu chochote, kwa vile mama alikuwa ameshafariki na ndugu zangu wananijua kwa barua. Nikaandika kwamba nimebadili nia.

Limebaki tukio moja, la kabla ya pampu mpya kuja. Wakimbizi walipoanza kurudi kwao, walikusanywa bandarini kusubiri meli. Mchana mmoja nilikuwa peke yangu kwenye nyumba ya pampu, mwanamke akabisha hodi. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Nilimtambua kabla hajasema lolote. Kovu lile nilikuwa nimeliandika mara tano.

"Wewe ni Naomi," akasema. "Mume wangu amesema nisiondoke Tanzania bila kukusalimu. Yeye hawamruhusu kutoka, majina yanaitwa. Mimi nimeomba nafasi kidogo."

Nilimpa kiti nikamchemshia chai. Alinieleza kwamba Anselmi alifundisha kambini miaka yote, kwamba binti yao sasa anasoma, na kwamba ile barua yangu ilikuwa imefungwa kwenye nailoni isilowe. Tulicheka kidogo. Kisha akanishika mkono kunishukuru, akaugeuza, akautazama kiganjani, kwenye vidole, kwenye kovu la tupa chini ya kidole gumba.

"Mikono yako," akasema, "ni kama ya mume wangu."

"Ni tupa," nikamwambia. "Inafanya hivyo kwa kila mtu."

Aliendelea kuushika kwa muda. Sijui alikuwa anafikiri nini. Sura yake ilikuwa ya upole. Honi ya meli ikalia. Akasimama akajifunga vizuri kitenge.

"Twende, dada. Ni karibu. Atafurahi mno kukuona, hata kwa mbali, hata kwenye uzio."

"Ningekuja," nikasema. "Ila nina mashine nimeifungua."

Alitazama mle ndani. Pampu zote zilikuwa zinazunguka, vifuniko vyake vimefungwa, sakafu imefagiwa. Akanikumbatia, akateremka njia ya bandarini, na nikamwangalia hadi alipojichanganya na watu.

Kisha nikaingia ndani, nikazima kipampu cha dawa, nikakifungua.